Hewa Itoke Kwanza

Mkunga alifagia chumba cha kujifungulia, akapiga deki, akatandika shuka safi. Kliniki yake ilikuwa ndogo, vyumba viwili tu vilivyoungana na nyumba yao. Kina mama wa mtaa ule waliipenda kwa sababu mkunga hakuwa na makuu, na hakumfokea mtu aliye na uchungu.

Kwenye kibanda cha nyuma alikuwa na otoklevu. Hiki ni chungu kizito cha chuma, chenye mfuniko unaokazwa kwa skrubu. Maji huchemka ndani, mvuke hubanwa, na joto hupanda kupita lile la maji ya sufuriani. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu kwenye mikasi na koleo.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Waya, maana kila kilichovunjika alikifunga kwa waya.

Asubuhi hiyo otoklevu iligoma. Mvuke ulivuja kwenye vali moja, shiii, na mshale wa geji ya kupimia presha haukupanda.

"Baba watoto, hebu njoo uone," mkunga aliita.

Waya alikuja, akainama, akacheka. "Kwani hii nayo ni kazi?"

Akaizungushia vali waya, akaukaza kwa koleo. Mlio ukakatika.

"Umeona? Imenyamaza kama mtoto aliyeshiba."

Mshale ulianza kupanda. Ukapita alama ya kijani. Ukaingia kwenye nyekundu.

"Toka nje!" mkunga alimvuta mumewe mkono. Mtungi wa gesi ulikuwa nje ya kibanda. Aliufunga haraka, wakasogea mbali. Walingoja huko mpaka chungu kilipopoa.

Hapo mkunga alimpigia simu wifi yake, mdogo wake Waya. Kazi ya wifi huyo ilikuwa kutengeneza vifaa vya hospitali.

"Wifi, msiguse kitu," alijibu. "Nakuja."

Alipofika alitazama kwanza geji. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Kisha akauona waya.

"Kaka, hii ni kazi yako?"

"Ilikuwa inavuja," Waya alijitetea.

"Hii ni vali ya usalama. Ndani ina springi. Presha ikizidi, inafunguka yenyewe na kutoa mvuke. Ukiifunga, mvuke hauna pa kutokea. Chungu kinaweza kupasuka na kukuunguza wewe na mkeo."

Waya alijikuna kichwa. 

Wifi aliifungua vali. Springi ilikuwa imeliwa na kutu. Mahali inapokaa palikuwa na ukoko mweupe.

"Hii haifai tena. Tunaweka mpya."

"Mpya yoyote?" Waya aliuliza.

"Hapana. Iwe ya otoklevu ya aina hii, na ya presha iliyoandikwa hapa. Chukua hii ya zamani ukawaonyeshe dukani."

Waya alipanda baiskeli, akatokomea.

Wifi akashika vali ya pili. "Na hii ya kutolea hewa, huwa unaifunga wakati gani?"

"Mwanzoni kabisa," mkunga alijibu. "Presha ipande upesi, gesi isiishe."

"Loo, wifi yangu! Ukiwasha, chungu kimejaa hewa. Hewa ikibaki ndani, geji inaonyesha presha, lakini joto halifiki panapotakiwa. Vijidudu vinabaki hai."

Mkunga alikaa chini. Kila pakiti ya vifaa huwa na kipande cha tepe, ambacho mistari yake hugeuka myeusi ikipata joto.

"Pakiti za juzi mistari yake ilikuwa hafifu," alisema taratibu. "Nikadhani tepe ni mbovu. Ziko kabatini. Sijazitumia."

"Zitoe zote. Tunaanza upya."

Wakati huohuo mlango wa mbele uligongwa. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa pili, ameshika kiuno. Uchungu ulikuwa umeanza. Mkunga alimpima.

"Bado una safari," alimwambia. "Ila sikufichi, dada. Vifaa vyangu bado havijawa tayari. Visipokuwa tayari mapema, nitakupeleka hospitali mwenyewe."

Kule nyuma wifi aliloweka vali ya hewa kwenye siki. Ukoko ulipolainika, aliusugua kwa brashi, akasuuza. Alipuliza tundu, hewa ikapita.

"Ukoko huu unatokana na maji ya chumvi," alimwambia mkunga. "Tumia maji yasiyo na madini. Na kila wiki fungua vali uzisafishe, chungu kikiwa baridi."

Waya alirudi akihema, vali mpya mfukoni. Wifi aliifunga mahali pa ile mbovu. Alikagua pia mpira wa mfuniko, akaukuta mzima. Wakapanga pakiti bila kuzibana, wakawasha gesi. Vali ya hewa waliiacha wazi.

Mvuke ulianza kutoka kwa kukatikakatika.

"Nifunge?" Waya aliuliza.

"Bado," mkewe alisema.

Baadaye ukatoka mfululizo, mwingi, wenye nguvu. Wakauacha utoke kwa muda ulioelekezwa kwenye kitabu cha otoklevu, ndipo mkunga akaifunga vali. Mshale ulipanda, ukatulia kwenye kijani.

"Sasa ndio unaanza kuhesabu muda," wifi alisema. "Na hata ukimaliza, usifungue mfuniko mpaka mshale urudi sifuri."

Pakiti zilitoka kavu. Mistari ya tepe ilikuwa myeusi tii.

Mkunga alinawa mikono, akavaa glovu. Jua lilikuwa halijazama mshonaji alipojifungua mtoto wa kike mwenye sauti kali. Kitovu kilikatwa kwa mkasi safi. Siku chache baadaye kilidondoka chenyewe, kikavu, bila usaha wala harufu.

Mshonaji alipomleta mtoto kupimwa, aliuliza, "Siku ile nilikusikia kule nyuma ukisema 'bado, bado'. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Tulikuwa tunangoja hewa itoke."

Mshonaji aliangua kicheko, mtoto akashtuka mgongoni.

"Makubwa! Mimi natweta huku, ninyi mnangoja hewa!"

"Tulikuwa tunaingoja kwa ajili yake," mkunga alisema, akanyoosha mikono kumpokea mtoto.