Sala ya Jicho Moja

Mashine ya fotokopi iliyokuwa mbele ya lango la chuo ilikwama mchana kweupe, mitihani imebisha hodi na foleni imefika barabarani. Mwenye duka aliipiga kofi, haikujali. Ndipo kijana mmoja wa mwaka wa pili, anayesomea umeme, alipotoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, akafungua ubavu wa mashine na kuchomoa karatasi iliyokunjamana kama jani la kabichi. Mashine ikanguruma. Foleni ikashangilia.

"Fundi," sauti ikasema nyuma yake, "na spika unatibu?"

Akageuka. Msichana alikuwa amevaa gauni la rangi ya chungwa bivu, kitambaa cheupe kichwani, na saa ndogo ya wauguzi ikining'inia kifuani.

"Inategemea mgonjwa ni wa nani."

"Wa ushirika wetu wa Kikristo. Tukiimba, inakoroma."

"Na wewe uko huko?"

"Kila Jumatano."

"Basi hata kama imekufa, nitaifufua."

"Wa kufufua tunaye," msichana akacheka. "Wewe lete bisibisi."

Hivyo Fundi, ambaye hakuwa ametia mguu kanisani tangu amalize sekondari, aliingia kwenye ushirika kwa mlango wa bisibisi. Spika ilipona, mwenyewe akabaki. Kabla muhula haujaisha, yeye na Nesi, kama wote walivyomwita yule binti, walikuwa wakipigiana simu hadi salio linakata.

"Umekula, roho yangu?"

"Nitakulaje sijasikia sauti yako?"

"Kula, bwana. Sauti yangu haina vitamini."

Lakini waridi lilikuwa na mwiba wake. Ushirika ule uliwagawa wanafunzi katika familia, ili asiwepo mgeni wa chuo wa kulia peke yake. Kila familia ilipewa baba na mama kutoka miaka ya juu. Mama wa familia yao alikuwa Nesi. Baba alikuwa mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, mrefu, mwenye sauti nzito na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikataka kukata mtu. Fundi, kwa kuwa alikuja mwisho, alipewa cheo cha kitinda mimba.

"Mama, watoto wetu wamefika wote?" Baba aliuliza kila mara.

"Bado yule mdogo wetu," Nesi alijibu, akimkonyeza Fundi.

Wote walicheka. Fundi naye alicheka, meno nje, nyongo ndani. Alijua fika kwamba ni majina tu, lakini kujua hakukumpoza. Wivu hausikilizi hoja.

Kilichomchoma zaidi ni duara. Walipoomba walishikana mikono, na aliyemaliza alimbinya jirani yake mkono kumpa zamu. Baba na mama walisimama bega kwa bega. Wenzake wakifumba macho, Fundi alifungua moja, akautazama mkono wa yule bwana juu ya vidole vya Nesi. Waliombea yatima, wagonjwa na mitihani. Yeye hakusikia neno. Alikuwa akipima ule mbinyo.

Jumanne moja akampigia simu. "Jana ulikuwa wapi, mpenzi? Simu inaita weee, hupokei."

"Tulikwenda na Baba hospitali kumwona mtoto wetu, yule anayesomea kilimo."

"Mtoto wetu!"

"Fundi, usianze."

"Mimi? Wenye nyumba ndio mlioanza."

Akakata simu. Kesho yake, zamu yake ilipofika katika duara, alivuta pumzi na kuomba kwa sauti isiyohitaji spika:

"Bwana, wewe waona sirini. Wafichue wote wanaojivika ubaba ili kuvizia wapenzi wa wenzao. Waaibike, Bwana, hata kama mashati yao yamepigwa pasi!"

Hakuna aliyeitika amina. Mtu mmoja alianza kucheka, akamalizia kwa kukohoa.

Nesi alimkuta ngazini. "Ungemwambia macho kwa macho, ningekuona mwanamume. Umemtukana huku umejificha nyuma ya Mungu."

"Nesi wangu..."

"Leo mimi si wako. Hebu niambie, mimi nisipokuwepo pale, wewe una shughuli gani nao?"

Fundi akatoa bisibisi mfukoni, akaizungusha vidoleni.

"Ukipata jibu, nitafute. Usipolipata, nisahau."

Jumatano iliyofuata hakwenda, wala ile ya baada yake. Alimkosa Nesi hadi chakula kikawa mchanga mdomoni. Ila jambo jingine lilimshangaza: alizikosa pia zile nyimbo, na yule wa kilimo anayelia akimwombea mama yake. Usiku alijaribu kuomba peke yake, akafika katikati, akanyamaza. Hapakuwa na wa kumbinya mkono.

Jioni moja mlango ukagongwa. Alikuwa Baba, shati limekunjamana.

"Kaka, kama umekuja kunisuta..."

"Nimekuja kukiri, mdogo wangu. Sala yako haikuwa na adabu, lakini haikuwa uongo mtupu. Kabla hujaja na bisibisi yako, nilimwambia Nesi nampenda. Akanikataa. Mpaka leo nikiwaona pamoja, kifua kinachemka."

Fundi alisimama, amekunja ngumi. "Na bado unamshika mkono kila wiki?"

"Namshika, namwombea mume mwema, na moyoni nataka Mungu asisikie." Baba alicheka bila furaha. "Aliponikataa nilitaka kuhama ushirika. Nikajiuliza, kumbe nilikuwa namfuata yeye? Nikarudi ili nijue. Kesho ni Jumatano. Nawe rudi, ujue."

Fundi alirudi. Baba aliacha nafasi yake ya siku zote, akaja kusimama karibu naye, mbali na Nesi. Zamu ilipofika, akambinya mkono.

"Bwana," Fundi alisema, "nilikuja hapa nikimfuata mtu. Leo nimekuja mwenyewe. Nisamehe, na kaka yangu anisamehe."

Amina yao ilitikisa madirisha.

Nesi alikuwa akimsubiri ngazini, ndani ya gauni lake la rangi ya chungwa.

"Umepata jibu?"

"Hata ukiniacha, Jumatano nitakuwa hapa. Itaniuma, lakini nitakuwa hapa."

"Na macho? Leo uliyafumba?"

"Nilifungua moja. Kidogo tu."

"Ukaona nini?"

"Nilikuona unanitazama."

Nesi alifunika uso kwa ncha ya kitambaa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kisha akaushika mkono wa Fundi, akaubinya kwa nguvu.

"Haya," akasema, "zamu yako. Mama yangu mzazi anauliza utakuja lini."