Hodi Chini ya Dungu

Haya yalimpata binamu yangu Stefania, kwenye bonde la Njinjo, mwezi wa Aprili. Nayaandika kama alivyonieleza.

Asubuhi ile yeye, mumewe Laurenti na binti yao Monika walikwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Mvua ilikuwa imekatika. Stefania alichemsha chai, wakapanda nayo juu ya dungu, kichanja cha miti wanachokalia walinzi wa shamba. Kabla chai haijapoa, mto ulivunja kingo. Mpunga wote ukazama.

Mamba walikuja na maji. Mbuzi alipita akielea, akavutwa chini. Alipoibuka, alikuwa nusu.

Kisha akatokea jirani yao, Yassin, akiogelea. Akashika ngazi. Kwetu hupandi dungu la mtu bila kukaribishwa, kwa sababu wanawake hulala humo. Hata siku ile Yassin alisubiri, maji kifuani.

"Hodi, shemeji."

Stefania alifungua mdomo. Laurenti akamziba kwa kiganja. Kijijini ilisemwa kwamba Yassin anafuga mamba, maana alivua miaka yote mahali wenzake walipoliwa, naye hakupata hata mkwaruzo.

"Akipanda, na wao wanapanda," Laurenti alinong'ona. "Tuna mtoto hapa."

"Laurenti, utani mwingine uwe na kiasi," Yassin alisema, akicheka kidogo. "Nikifa, ubwabwa wa msibani kwangu utaula kwa mdomo gani? Hodi, bwana."

Laurenti akainua panga.

Mamba alimkamata Yassin kiunoni. Akamzungusha mara mbili. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye ngazi, umekatika kwenye kiwiko. Laurenti alivibandua vidole kwa ncha ya panga.

Maji yakatulia.

"Hodi."

Ilitoka chini ya mbao. Sauti ya Yassin, bila kuhema.

"Hodi, shemeji."

Laurenti alichungulia. Hapakuwa na mtu. Stefania akamkumbatia mtoto.

"Hodi, Monika, mama yangu mdogo," sauti ilisema, kwa upole.

Monika alikuwa na miaka minne. Alikuwa amefundishwa adabu.

"Karibu, baba mdogo," akaitikia.

Ngazi ikalia. Laurenti alikata kwa panga mara moja. Taya zikambana begani, akashushwa, kichwa kikigonga kila kipandio. Alimwita mkewe. Akaita tena. Kisha maji yakamfunika.

Boti ya waokoaji iliwafikia jioni. Monika hakuwa na mkwaruzo. Laurenti hakupatikana, wala kipande chake.

Maji yalipokauka nilikwenda pale na kaka wa Laurenti, Benjamin. Matope yalikuwa yameganda kwenye ngazi: nyayo za mtu mzima, peku, zinapanda. Za kushuka hazikuwapo.

Juu, pembeni ya mahali alipokaa Stefania na mtoto, kulikuwa na alama ya mtu aliyeketi. Kando yake, kiganja kimoja cha matope.

Cha kulia.