Uzito wa Jaketi Jekundu

Foleni ya katlesi siku ya Jumamosi pale Otsu, Japani, haina adabu. Watu walikuwa wamebanana kutoka dirisha la duka la nyama mpaka karibu na ngazi za stesheni. Kozue Mabuchi alikuwa amebakiza watu wawili tu mbele yake aliposikia kitu kigumu kikimkwaruza mguuni. Sketi yake mpya ya bluu, yenye mikunjo, ikachanika urefu wa kiganja kizima.

"Samahani! Samahani sana, dada!"

Kijana mrefu mwenye shati jeupe alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Panga moja la chuma kinachong'aa, kama la feni, lilikuwa limetokeza nje. Kozue hakuitazama sketi. Alilitazama lile panga.

"Propela ya inchi kumi na saba," alisema. "Boti yako futi ngapi?"

"Eh? Kumi na nne."

"Injini?"

"Nguvu za farasi arobaini. Lakini dada, sketi yako..."

"Kumi na saba kwa farasi arobaini! Unaikaba. Ni kama kupanda mlima kwa gia kubwa ya baiskeli. Lazima inakohoa."

"Inakohoa kweli! Nani kakuambia?"

"Hiyo propela. Wewe nani kakuuzia?"

"Jamaa mmoja mtandaoni. Alisema kubwa ndiyo nzuri."

"Alikuona unavyofaa kuuziwa."

Kijana akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. Aliitwa Shumpei Horie. Alimnunulia katlesi nne, akaulizia anakofanya kazi, na Jumatatu akatokea kwenye duka la vifaa vya boti kando ya ziwa Biwa, ambako Kozue alikuwa amechagulia watu propela kwa miaka sita.

Duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Mteja haondoki na propela mpya kwa maneno matupu. Anajaza kadi: urefu wa boti, injini, mafuta, mizigo, idadi ya watu. Anaazimwa propela, anakwenda kuifungulia injini mpaka mwisho, kisha anarudi na namba ya kwenye saa ya mizunguko. Injini ya Shumpei ilitakiwa kufika kuanzia mizunguko elfu tano na mia tano hadi elfu sita kwa dakika. Pungufu ya hapo, inabeba mzigo usio wake.

Kwenye idadi ya watu, Shumpei aliandika 1.

"Peke yako kila siku?" Kozue aliuliza, macho yakiwa kwenye kadi.

"Kila siku. Samaki hawapendi kelele, na watu hawapendi samaki."

Kozue akampa ya inchi kumi na tatu. Jioni Shumpei akapiga simu: elfu tano na mia saba. Kesho yake akapiga tena, ingawa namba ilikuwa ile ile. Keshokutwa hakuitaja namba kabisa.

Miezi miwili ikapita kwa simu na katlesi. "Kozue-san" ya heshima ikawa Kozue, na Kozue ikawa mpenzi. Lakini kulikuwa na jambo moja. Shumpei hakuwahi kumpandisha kwenye ile boti.

"Siku nyingine," alikuwa akisema. "Bado haijakaa sawa."

Haijakaa sawa? Propela kamchagulia mwenyewe, namba kaandika mwenyewe. Kozue alikuwa amewahi kuyasikia maneno ya siku nyingine. Kule Kyoto alipenda mwanamume mwaka mzima, akaja kukuta nguo za watoto zimeanikwa kwenye roshani yake. Alijiapia kwamba hatakuwa wa pili tena, hata kwa mtu anayemfurahisha kama huyu.

Kisha ikaja ile simu ya Jumanne.

"Mpenzi, propela yako imechoka. Leo imeishia elfu tano na mia nne."

"Umeosha tumbo la boti?"

"Jumapili."

"Mafuta?"

"Kama siku zote."

"Uko peke yako?"

Kikohozi kidogo. Kidogo tu, lakini Kozue alikihesabu.

"Peke yangu kabisa," Shumpei akasema.

Kozue akakata simu. Natsue, wa kaunta, aliyekuwa akila embe la kopo kwa uma, akamtazama.

"Vipi shosti, mbona umekuwa mweupe?"

"Mizunguko mia tatu imepotea."

"Itafute chini ya kochi."

"Natsue, propela haichoki. Kwa boti ndogo kama ile, mia tatu ni kama kilo sitini."

Natsue akaweka uma chini. "Kilo sitini zina nywele ndefu au fupi?"

"Nyamaza bwana."

"Mimi nanyamaza. Injini ndiyo inasema."

Alhamisi Kozue aliomba ruhusa mapema, akaenda kusimama mwisho wa gati, miwani ya jua usoni na kofia imeshushwa. Upepo ulinuka mafuta na majani ya maji. Boti ya Shumpei ikapita mbali, ikikimbia kuelekea kaskazini. Kwenye usukani alikuwa Shumpei. Kando yake, kwenye kiti cha mbele, ametulia bila hata kupepesuka, alionekana mtu mwenye jaketi jekundu la kujiokolea.

Jekundu, jipya, saizi ya mwanamke.

Simu za Shumpei za usiku ule hakuzipokea. Wala za Ijumaa.

Jumamosi asubuhi Shumpei aliingia dukani na propela mkononi, macho mekundu.

"Kozue, nimekosa nini?"

"Hili ni duka la propela, Horie-san. Kama ina shida, jaza kadi upya."

Lile *Horie-san* lilimfikia kama maji ya baridi. Alichukua kalamu. Kwenye idadi ya watu mkono ukasita, kisha akaandika 2.

Kozue akaivuta ile kadi. "Afadhali leo umesema kweli. Nani yule wa jaketi jekundu?"

Shumpei akawa mwekundu kuliko hilo jaketi. "Uliniona?"

"Otsu nzima ilikuona!"

"Mungu wangu. Njoo nje."

"Siji kutambulishwa kwa mtu."

"Mimi nakuja," Natsue akasema, na alikuwa mlangoni tayari.

Nyuma ya gari la Shumpei palikuwa na magunia mawili ya mchele, ya kilo thelathini thelathini, moja juu ya jingine, yamefungwa jaketi jekundu ili yasiteleze. Natsue akaanza kucheka, akashindwa kusimama, akakaa chini.

"Mchele?" Kozue akasema.

"Wa shambani kwa kaka. Nilitaka boti ikae sawa kwa watu wawili kabla sijakupandisha. Wewe ungeitazama saa ya mizunguko kabla ya kunitazama mimi. Ningejieleza vipi ikiishia elfu tano na mia nne? Nikaogopa kukuambia, nikaona nifanye kimyakimya."

Kozue alilivua lile jaketi kwenye magunia, akalipima kifuani. Lilikuwa saizi yake kabisa. Kisha akakunja uso.

"Kilo sitini? Shumpei, nina hamsini na mbili!"

"Nane za katlesi."

Alimpiga begani kwa ile kadi, lakini macho yalikuwa yameshalowa.

Akamfungia propela ya inchi kumi na mbili kwa mikono yake mwenyewe. Saa saba mchana walikuwa katikati ya ziwa, jaketi jekundu sasa lina mwenyewe, nywele zinamchapa usoni. Na kweli, Kozue aliitazama saa kwanza.

"Elfu tano na mia sita na zaidi kidogo," akapiga kelele kushinda injini. "Safi! Bado ina akiba. Kilo ishirini zinaingia."

Shumpei akapunguza mwendo mpaka wakasikia maji.

"Kilo ishirini ni mtoto wa miaka mitano hivi," akasema, macho mbele. "Tuanze kwa harusi. Halafu propela tuiache hii hii, tusibadilishe?"

Kozue alitoa ile kadi mfukoni, akaiweka juu ya goti, akachukua kalamu. Pembeni ya namba 2 akaandika maneno mawili, akampa asome: *kwa sasa*.