Vifungo vya Njano

Soko la nguo lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, na kijana mmoja akasimama mbele ya meza ya vifungo kama mtu aliyekuja kuchumbia. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa na doa la grisi kifuani, lakini kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi ikanyooka.

“Naomba kifungo kimoja, dada. Hiki cha njano.”

Fundi cherehani akainua macho. Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, futi ya kupimia shingoni, na ulimi usio na breki.

“Kimoja? Hilo shati lako lina tundu moja?”

“Kwa wiki hii kinatosha.”

Alhamisi iliyofuata akarudi, kimoja cha njano. Na iliyofuata tena. Miezi ikapita hivyo, mpaka ikawa kila Alhamisi ikikaribia saa sita mchana, fundi cherehani anajikuta mbele ya kioo cha wateja akijipaka wanja. Alishajua kwamba kijana anatengeneza lifti kwenye yale majengo marefu, na simu zao zilikuwa haziishi.

“Fundi Lifti, leo umekwama ghorofa ya ngapi?”

“Ya saba, mpenzi. Nimening’inia hapa nakuwaza wewe.”

“Shika waya kwanza. Mimi utanishika baadaye.”

Kuhusu vifungo, kijana alikuwa bubu. Akiulizwa, anacheka na kusema ipo siku. Na siku moja, kwenye simu, fundi cherehani akamsimulia habari za baba yake.

“Pombe ndiyo iliyommaliza, mpenzi. Mwishoni hata kikombe cha chai alikuwa hawezi kukishika. Niliapa, mwanamume wa chupa hapiti mlangoni kwangu. Upo?”

“Nipo,” kijana alijibu, na sauti yake ilikuwa imepoa.

Alhamisi iliyofuata, kwa mapenzi yake yote, fundi cherehani akamwandalia zawadi: kopo lenye vifungo hamsini vya njano, limefungwa utepe.

“Chukua, usihangaike tena. Njoo kuniona mimi tu.”

Kijana alilitazama lile kopo, akatikisa kichwa. “Siwezi. Nisamehe, siwezi kuchukua hivi.” Akalirudisha mezani taratibu, akapotelea kwenye umati hata kile kimoja hakukinunua.

Alhamisi tatu zikapita kavu. Fundi cherehani alishona suruali moja miguu miwili ya kushoto, akamfokea mteja kwa kosa lake mwenyewe. Ana mwanamke, aliwaza. Kumbe mimi nilikuwa mchezo. Ndipo simu ikalia.

“Kesho saa saba mchana, chumba cha nyuma ya zahanati,” kijana alisema. “Tunaruhusiwa kuleta jamaa zetu. Njoo na kifungo kimoja. Kimoja tu, tafadhali.”

“Nije kufanya nini?”

“Uone. Ukishaona, ukitaka kuondoka, sitakufuata.”

Alivaa gauni lake la zambarau, lile la kuendea ugomvi. Chumbani akakuta viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai, na watu wa kawaida tu: mwalimu aliyestaafu, dereva wa lori, mama mmoja mwenye mtandio wa hariri. Kijana wake akasimama.

“Mimi ni mlevi,” alisema. “Leo natimiza wiki arobaini sijagusa.”

Fundi cherehani akashika mkoba ainuke aondoke. Ndipo alipoliona shuka jeupe lililotundikwa ukutani, limejaa vifungo vya kila rangi, kila mtu na mistari yake.

“Kila wiki kifungo kimoja,” mwalimu alimnong’oneza. “Unakitafuta mwenyewe, unakishona mwenyewe. Ukianguka, hatufumui kitu. Unaanza mstari mpya chini yake.”

Fundi cherehani akalisogelea shuka. Mstari wa kwanza wa kijana ulikuwa na vifungo vinne vyekundu, wa pili tisa. Kisha vya njano, vile alivyomuuzia yeye, vimejipanga kimoja baada ya kingine. Yeye alikuwa mtu wa sindano, akausoma uzi. Vile vya mwanzo vilishonwa na mkono unaotetemeka, uzi umerukaruka na kujifunga mafundo. Aliujua mtetemeko ule. Lakini kadiri alivyofuata mstari, mishono ilitulia, ikanyooka, ikawa imara. Mwishoni kulikuwa na vinne vyeupe, vya Alhamisi ya kopo na zile tatu zilizofuata, na vyenyewe vilikuwa vimekaa sawasawa.

Alishangaa, akasahau kuondoka. Baba yake hakuwahi kufika hata kifungo cha pili.

“Kopo lako,” kijana alisema nyuma yake, “lilikuwa na wiki hamsini ambazo sijaziishi. Niliogopa kuzishika. Na nilijua umeapa.”

Fundi cherehani akafungua kiganja, akampa kile kimoja cha njano. Kijana akakishona mbele ya watu wote, mkono umetulia, kisha akakata uzi kwa meno.

“Utaolewa na mimi?”

Chumba kizima kikasahau chai. Fundi cherehani akapapasa mshono ule kwa kidole, akavuta kidogo kuupima. Haukulegea.

“Kwa wiki hii, ndiyo,” alisema. “Alhamisi ijayo uje uniulize tena.”