Saini Mbili za Mapacha

Kila jioni Chiriku, binti wa muuguzi wa gereza, alifanya kazi za shule kwenye meza ya jikoni. Jioni moja kalamu haikwenda kwa wivu. Malkia, msichana wa dawati la mbele, alikuwa amemaliza jaribio lake la sayansi: watu ishirini, saini ishirini za kukubali kujaribiwa. Chiriku alikuwa na kumi na wanane tu, na kesho mwalimu angechagua wa kwenda kwenye maonyesho.

"Kila kitu yeye! Viatu vipya yeye, sifa yeye!" alinung'unika, akitwanga tangawizi na kitunguu saumu. Jaribio lake lilikuwa kupima kama kinywaji cha viungo hivyo kinasaidia kukumbuka maneno.

Ndipo akawakumbuka wadogo zake mapacha. Bibi alikuwa amewafungia chumbani kwa kuvunja kioo cha dirisha. Chiriku akaingia humo na vikombe viwili.

"Mkinywa na kusaini, nitawaombea kwa Bibi mtoke."

Wakanywa huku wamekunja nyuso, wakasaini. Ishirini! Sasa Malkia angemtambua.

Mama aliporudi kutoka kazini alizitazama karatasi. "Hawa mapacha wamesaini wakiwa wapi?"

"Chumbani walikofungiwa. Lakini Mama, wamekubali wenyewe!"

Mama aliketi, hata viatu hajavua. "Leo madaktari wameleta dawa ya kujaribiwa gerezani. Mfungwa mmoja akaniuliza, 'Dada, nikisaini nitapunguziwa kifungo?' Nikamwambia hapana, na akikataa hapotezi chochote, hata matibabu yake. Akarudisha kalamu."

"Si mtakosa watu?"

"Kumi na mmoja walikubali baada ya kusikia hayo. Hao ndio waliokubali kweli. Haya, kawafungulie wadogo zako, Bibi nitaongea naye mimi. Kisha waulize upya."

Chiriku akafungua mlango shingo upande. "Mko huru. Jaribio langu mnalitaka, hamlitaki?"

"Hatulitaki! Linanuka!" wakajibu kwa pamoja, wakatimua mbio uani.

Chiriku alikata majina mawili huku machozi yakimtoka. Kesho yake Malkia akachaguliwa, na roho ilimuuma Chiriku kwelikweli. Alimweleza Mama bila kuficha.

"Wivu utapoa, mwanangu," Mama alisema. "Lakini aliyefungiwa mlango anaweza kukubali lolote ili atoke. Mhakikishie kwanza kwamba akikataa hatadhurika, ndipo umuulize. Jana ulipoteza saini mbili ambazo hukuwa nazo."