Piga Mara Mbili

Siku Nirupam alipofika soko la Chandni na simu iliyovimbiwa, Torsha alikuwa na bajia mdomoni, na mdomo uliojaa bajia si mdomo wa kuanzia mapenzi. Lakini mapenzi hayana adabu. Hayabishi hodi wala hayangoji mtu ameze.

Ilikuwa wiki ya kuelekea sikukuu ya Puja, na Kolkata nzima ilikuwa imeamua kununua waya. Watu bega kwa bega, wachukuzi wakipiga kelele "Kichwa! Angalia kichwa!", harufu ya risasi ya kuunganishia na mafuta ya haradali. Torsha alikuwa ndani ya kibanda chake cha kava na vioo vya simu, kisichozidi kabati kwa upana. Alivaa sari ya pamba ya manjano, na bisibisi ndogo ameichomeka kwenye kifundo cha nywele, pale ambapo wenzake huchomeka ua.

"Dada, nisaidie, simu yangu imekufa," alisema Nirupam. Alikuwa mrefu, miwani imemteremka puani, kanzu yake fupi nyeupe ina alama ya maziwa kifuani.

Torsha akameza. Akaichukua, akaibonyeza hapa na pale. "Haijafa. Imeshiba. Tazama mwenyewe: picha elfu na elfu, zote maua."

"Ni shangazi yangu. Kila alfajiri. Na mama. Na mjomba wa Siliguri. Na daktari wangu wa meno."

"'Asubuhi Njema', waridi, umande, kikombe cha chai."

"Na njiwa."

"Na njiwa, naam. Kaka, huu si ujumbe, ni mafuriko. Mimi mtu akinitumia maua nafuta bila kuangalia. Haya, njoo huku nikuoneshe. Hapa unazuia picha zisijihifadhi zenyewe. Hapa unazichagua zote kwa mpigo. Futa!"

"Shangazi akijua?"

"Atajuaje? Mtumie kidole gumba, aridhike." Akamrudishia. "Mbona simu inanata?"

"Natengeneza sandesh, vitamu vya maziwa. Duka la marehemu baba, Shyambazar."

"Ahaa. Ndiyo maana nzi wangu wote wamekufuata."

Nirupam akacheka mpaka miwani ikaanguka, na Torsha akaidaka. Hapo ndipo ilipokwisha kazi.

Kuanzia siku hiyo simu ya Nirupam ikawa na maradhi yasiyokwisha. Mara betri inakwisha haraka, mara herufi ni ndogo, mara imepotea ndani ya nyumba. Torsha akamfundisha kupunguza mwanga, kukuza herufi, kuiita simu iliyopotea ilie hata kama imenyamazishwa. Naye kila alipokuja alikuja na sandesh ya sukari guru ndani ya kikasha, bado ya moto. Jioni wakasimama kando ya reli ya tramu na chai kwenye vikombe vya udongo, wakavivunja chini wakimaliza, na kuagiza vingine ili wasiondoke.

"Mhandisi," alisema Nirupam siku moja, "nikikoroga maziwa siwezi kupokea simu, na simu inalia kama mtoto. Yakiungua, hasara."

"Weka 'usinisumbue', Bwana Sukari. Mtu akipiga mara moja, inanyamaza. Akipiga tena papo hapo, inalia, maana simu inajua huyo ana shida ya kweli."

"Na wewe ukipiga?"

"Mimi sipigi mtu mara mbili. Nina heshima zangu."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa. Ukionekana unatafutwa utavimba kichwa, kava lisikutoshe."

Basi mwanamume akipenda huwa jasiri au huwa mjinga, na Nirupam alikuwa mwenye haya, kwa hiyo akachagua la pili. Kulisema jambo uso kwa uso alishindwa. Kuliandika aliogopa, maana mama yake huishika simu yake kila jioni kutazama picha za ndugu. Akawaza: ni kitu gani ambacho mama hafungui, kwa kuwa amekwisha kukiona mara elfu? Maua! Akalichukua ua moja la shangazi, yungiyungi lenye umande na maneno "Asubuhi Njema", na chini yake, mbali kabisa, akaunganisha picha ya neno lake mwenyewe. Ikawa picha ndefu kama sari iliyoanikwa. Akamtumia Torsha kukipambazuka, akakaa karibu na sufuria, moyo unachemka kuliko maziwa.

Torsha akaamka, akaona. Simu, kama ujuavyo, picha ndefu huikata. Alichoona ni yungiyungi, umande, na "Asubuhi Njema".

"Hata wewe!" akacheka kitandani. Akaifuta pamoja na maua ya wajomba, kisha akaandika kwa utani: "Nilishakwambia takataka hizi nafuta bila kuangalia. Usinitumie tena."

Jibu likaja baada ya muda: "Nimeelewa. Samahani. Sitarudia."

Torsha akatabasamu. Mtiifu, mwanamume huyu!

Jioni Nirupam hakuja. Kesho yake hakuja. Torsha akapiga, mara moja, simu ikaita mpaka ikachoka. Kidole kikaenda kupiga tena, akakirudisha. Ana heshima zake. Wiki zikapita. Bajia zikawa hazina chumvi, na wateja wakaona fundi wa kike anabandika vioo upande.

Kila Jumapili asubuhi alikuwa akiwafundisha wazee wa mtaa matumizi ya simu, kwenye klabu yenye televisheni kubwa ya kutazamia kriketi. Jumapili moja akaingia amevaa sari ya kijivu, nywele hazina hata bisibisi. Bibi Nihar, mwenye meno machache na maneno mengi, akamtazama juu mpaka chini.

"Mwalimu, nani amekufa?"

"Hakuna, bibi. Betri tu imeshuka."

Shangazi Bina, yule yule shangazi wa Nirupam wa maua, ambaye humtumia hata mwalimu wake, akaketi mbele na pakiti ya tambuu. "Leo sitakaa sana. Nangoja habari. Nirupam wetu na mama yake wamepanda treni ya alfajiri kwenda Bardhaman kumwona msichana wa kumchumbia. Wiki tatu hizi mtoto amekonda kama kijiti. Alikubali bila hata kuuliza jina!"

Torsha akaishika meza. "Tuanze somo," akasema.

"Mimi nina shida kwanza," alisema Bibi Nihar. "Nimefuta picha ya mjukuu akilishwa wali wa kwanza. Binti yangu ataninyonga."

"Haijapotea, bibi. Kilichofutwa hakifi siku hiyo hiyo. Kinalala kwenye pipa karibu mwezi mzima ndipo simu inakitupa. Tazameni." Akaunganisha simu yake na televisheni, akalifungua pipa. Maua yakajaa ukutani: waridi, alizeti, njiwa.

"Loh! Yale yangu yote!" Shangazi Bina akasimama. "Kumbe unayatupa!"

"Shangazi, mimi..."

"Hiyo nyembamba ndiyo nini?" Bibi Nihar akanyoosha fimbo. "Hiyo ndefu. Fungua."

"Ni ua tu, bibi."

"Mimi ndiye mwanafunzi. Fungua mpaka chini nione."

Torsha akafungua. Yungiyungi. Umande. Akateremsha. Sahani nyeupe ya duka la Shyambazar ikapanda taratibu, na juu yake sandesh zimepangwa, kila moja imetolewa kwenye kalibu yake, kila moja ina herufi. Bibi Nihar akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Tor... sha... tu... o... a... ne?"

Klabu nzima ikageuka kumtazama Torsha.

"Zile kalibu!" akanong'ona Shangazi Bina. "Nilimkuta anachonga mbao. Akaniambia ni oda ya harusi."

"Hakusema uongo," alisema Bibi Nihar. "Ulimjibu nini, mwalimu?"

Torsha alikuwa amejifunika mdomo kwa upindo wa sari. "Nilimwambia ni takataka."

"Ee Mama Durga! Piga simu, mwanamke! Chai haijanywewa bado huko!"

Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika.

"Ameweka 'usinisumbue'," alisema Torsha. "Mimi mwenyewe nilimfundisha."

"Sasa?"

Torsha akaitazama simu, akaitazama ile sahani ukutani. Heshima zake akazimeza, pamoja na machozi. Akapiga mara ya pili.

Huko Bardhaman simu ikalia katikati ya sebule ya watu. Akasikia vyombo, akasikia mama akisema, "Nirupam! Izime, aibu!" Kisha sauti ya msichana, tulivu, yenye kicheko ndani yake: "Mwache apokee, mama. Anayepiga mara mbili ana shida au ana mapenzi. Vyote haviwezi kungoja chai."

"Torsha? Kuna nini? Umeumia?"

"Nimeiona picha, Bwana Sukari. Leo. Sasa hivi. Nimeiona mpaka chini."

"Ulisema ni takataka."

"Niliona ua tu! Wewe mwanamume gani anaficha moyo wake chini ya maua ya shangazi?"

"Nimeyasikia hayo!" Shangazi Bina akapiga kelele.

"Uko wapi? Mbona sauti nyingi?"

"Klabu. Wazee wote wameisoma sandesh yako kwenye televisheni."

"Ee Mungu wangu. Na jibu je?"

"Kwanza waombe radhi wenyeji wako, kunywa chai yao, na umshukuru binti huyo. Panda treni. Jibu langu halipiti kwenye simu yenye spika."

Bibi Nihar akatema tambuu kwa hasira. Walikuwa wamefika mahali patamu.

Treni ilichelewa, mama alinuna njia nzima, na Nirupam alipofika nyumbani mtaa ulikuwa umelala. Alfajiri, mkono kwenye mwiko, simu ikamulika kidogo. Torsha, ambaye hajawahi kumtumia binadamu yeyote ua maishani mwake, alikuwa ametuma waridi kubwa jekundu, lenye umande, na njiwa, na maneno "Asubuhi Njema".

Picha ilikuwa ndefu. Akaiteremsha kwa kidole chenye sukari. Waridi, njiwa, kikombe cha chai, halafu nafasi tupu ndefu ya kumtesa mtu, na chini kabisa picha ya kibanda chake. Vioo vya simu vimepangwa juu ya meza, vikafanya neno moja: NDIYO.

Kule Chandni simu ya Torsha ikalia. Aliitazama, bisibisi imerudi kwenye nywele, akaiacha inyamaze yenyewe.

Akajipangusa mikono, akakaa vizuri, akangoja ilie mara ya pili.