Mlango Uliolazwa

"Karibu, mwanangu!" mama alisema, uso kauelekeza mezani.

Fundi cherehani akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Mama, unamkaribisha nani?"

"Si umepiga hodi?"

"Mimi nipo jikoni muda wote huu."

"Basi masikio nayo yameamua kuyafuata macho," mama akasema, akacheka peke yake. Macho yake yalikuwa na ukungu mwaka wa tatu sasa. Nyumba aliijua kwa viganja, na watu aliwajua kwa sauti.

Wakala, yakaisha.

Mtaa ulikuwa umembatiza fundi huyo Vikorokoro, maana hakuna jalala lililomshinda. Chupa alizigeuza taa, matairi yakawa viti, masanduku ya matunda yakawa kabati la vyombo. Wenye vyeti vitatu ukutani na kiti kimoja cha plastiki ndani walimcheka, "Shoga, leo umetuokotea nini?" Halafu Jumapili hao hao, bila haya, wanakuja kupigia picha sebuleni kwake. Wivu ukivaa miwani huitwa ushauri.

Wiki hiyo alikuwa ameokota mlango, kwenye kifusi cha nyumba kuukuu iliyobomolewa. Mbao ngumu, nzito kama maiti. Upande mmoja ulikuwa na makomeo manne. Manne! Aliyafungua yote kwa bisibisi kwa sababu sahani zisingekaa sawa, akaupiga msasa, akaupaka vanishi, akaulaza juu ya miguu ya chuma ya cherehani mbili zilizokufa. Meza ya kulia hiyo. Dizaini ya kimataifa, siriasi, na haijatoka duka lolote.

Kesho yake hodi aliisikia mwenyewe. Ilikuwa mchana, jua la kupasua mawe, watoto wa jirani wanacheza nje. Chai ilitetemeka kikombeni, duara ndani ya duara, kisha ngo, ngo, ngo, kutoka chini ya sahani, na sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri, ikasema "Hodi," na sauti hiyo ilikuwa yake yeye, Vikorokoro, ile ile anayorudi nayo kila jioni kutoka kibandani kwake.

Mama akafungua mdomo aitikie. Vikorokoro akauziba kwa kiganja.

Akainama. Chini ya meza hapakuwa na kitu, ila harufu ya chumba kilichofungwa miaka, chokaa mbichi na nywele zilizoungua, na alipoigusa ile mbao kwa chini aliikuta vuguvugu, kama mgongo wa mtu aliyetoka kuamka.

Chai hakuimaliza. Akatoka mbio kumfuata seremala wa mtaa wa pili, akarudi naye.

"Sema, Vikorokoro," seremala akaanza akiwa bado mlangoni. "Leo umeokota nini, jeneza?" Lakini alipoiona meza utani ulimkauka. Alipitisha kidole kwenye matundu ya skrubu, akapapasa alama za bawaba, akapapasa tena.

"Makomeo yalikuwa upande huu wa juu?"

"Ndiyo."

"Dada yangu, watu huweka komeo ndani, wa nje asiingie. Bawaba hizi zinasema huku ndiko kulikuwa nje." Akashusha sauti. "Huu mlango haukuzuia kitu kuingia. Ulizuia kitu kutoka."

"Sasa mbona kinabisha hodi?"

"Adabu. Majini wana adabu kuliko majirani zako. Hawaingii kwa watu bila kukaribishwa. Kuna aliyeitikia?"

Vikorokoro alimtazama mama yake. Mama akauinamisha uso.

"Mara moja tu, baba," akanong'ona. "Nilidhani ni mwanangu."

Seremala akashika ncha moja ya mlango. Waliubeba wawili hadi kule kwenye kifusi, akaupasua kwa shoka huku midomo ikimcheza kwa dua, akautia moto. Moshi ulikataa kupanda. Ulitambaa chini kwa chini kama maji machafu, ukashika njia ile waliyokuja nayo.

"Karibu ikishatoka hairudi mdomoni," seremala akasema. "Kilichobaki ni kutokifungulia."

Jioni hiyo Vikorokoro alimshika mama yake mikono yote miwili. "Mama, kuanzia leo mimi sibishi hodi. Nina ufunguo, nitaingia kimya kimya. Ukisikia hodi, hata kwa sauti yangu, hata ikilia, ujue si mimi. Usijibu, usifungue."

"Nimesikia. Ukungu ni wa macho, si wa akili."

Siku iliyofuata aliporudi kutoka kazini alimkuta mama ametulia kitini, amejaa ushindi. "Kimekuja mchana! Kikabisha hodi, kikaniita mama, kikasema ni mimi, fungua, nimeumia. Nikanyamaza kama jiwe."

"Mama simba wewe!" Wakacheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu mlango ule uingie kwao.

Siku ya tatu Vikorokoro alirudi jua likiwa bado juu. Akaingiza ufunguo, ukazunguka vizuri, lakini mlango haukusogea. Komeo la ndani. Mama hajawahi kulifunga akijua mwanawe yuko nje. Aligonga kwa kucha, hakuita. Alizunguka dirishani, pazia limeshushwa. Akarudi, akainamia tundu la ufunguo, na kutoka humo ikamjia pumzi ya chokaa mbichi na nywele zilizoungua, na nyuma ya harufu hiyo vijiko vikigonga sahani, na mama yake akicheka kicheko cha mtu anayesimuliwa habari za kazini, na hapo ulimi ukamponyoka, kwa sababu miaka yote mtu akikuta mlango umefungwa ana neno moja tu.

"Hodi! Mama!"

Vijiko vikanyamaza.

"Mama, kuna nini nje?" iliuliza sauti huko ndani. Ilikuwa sauti yake, imechoka kidogo, kama anavyochoka baada ya kushona siku nzima.

"Mama, ni mimi! Huyo uliye naye si mimi! Fungua!"

Kisha mama akasema, taratibu, kwa sauti ile anayombembelezea mtoto anayeogopa radi:

"Kula, mwanangu, usikijali. Hata jana kilisema hivyo hivyo."